Edamame: Soya ya Kijani Inayoliwa Kama Njugu, na Venye Unaeza Kuipika Kejani

Saa kumi jioni ikigonga, tumbo la msee wa Nairobi huanza kelele. Dishi ya mchana imeisha kitambo, ya usiku bado iko mbali, na kutoka kazini au kampasi mpaka steji kuna mitego kama kumi: smokie pasua, chipo, mandazi, krips, keki ya jana. Unatoa mbao hapa, finje pale, na ukifika keja bado uko na njaa. Doo imeenda, mwili haujapata kitu ya maana, na kesho ni hiyo hiyo stori.

Hakuna mtu anakukataza smokie. Lakini kama unatafuta kitu ya kutafuna jioni yenye inashikilia tumbo, haina mafuta ya kukaanga, na inapikwa haraka kuliko ugali, kuna kitu Wajapani wameshika kitambo sana. Inaitwa edamame. Pengine ushaiona kwa mtandao ama kwa menyu ya restoranti ya Kijapani huko Westlands: bakuli ya maganda ya kijani yenye chumvi juu, na bei yenye ilikufanya ufunge menyu polepole ukaitisha maji.

Sasa sikia. Hiyo kitu ni soya. Soya hii hii yetu, ile ya unga wa uji, ile wanatengeneza vipande vya kupika badala ya nyama, ile inaingia kwa chakula ya kuku. Tofauti ni moja tu: imevunwa mapema. Ukielewa hapo, zile zingine zote ni rahisi.

Kwani edamame ni nini haswa?

Fikiria mahindi. Kuna mahindi makavu ya kusagwa unga na ya kupika githeri, yenye yanakaa kwa gunia miezi. Halafu kuna mahindi mabichi, yale ya kuchemsha ama kuchoma kando ya barabara, laini, matamu, yenye maziwa ndani. Ni mmea mmoja. Kitu imebadilika ni siku ya kuvuna.

Edamame ni hivyo hivyo kwa upande wa soya. Soya ikiachwa shambani mpaka majani yaanguke na maganda yakauke, unapata zile punje ngumu za rangi ya krimu zenye lazima ulowe usiku mzima. Ukiivuna wakati maganda bado ni ya kijani na punje zimejaa lakini hazijaanza kuwa ngumu, unapata punje laini zenye utamu kidogo, katikati ya minji na njugu za kuchemsha.

Kuna aina za soya zilizochaguliwa miaka mingi ziwe za kuliwa kijani. Hizo punje zake ni kubwa na tamu zaidi. Soya ya kawaida ya nafaka pia inaliwa kijani bila shida, ni vile tu punje zake ni ndogo, utamu umepungua kidogo, na inataka dakika za ziada kwa moto.

Ilitoka wapi?

Soya yenyewe ilianza kulimwa Asia Mashariki, maelfu ya miaka iliyopita. Wachina huita hii ya kijani maodou, yaani maharagwe yenye manyoya, na ukishika ganda lake utaelewa ju kweli liko na manyoya madogo madogo. Jina edamame ni la Kijapani: eda ni tawi, mame ni maharagwe. Maharagwe ya tawi. Zamani yalikuwa yanauzwa na kuchemshwa yakiwa bado yameshikana na shina.

Jina hilo si la juzi. Kuna barua ya mwaka wa 1275 ya Nichiren, mtawa maarufu wa Kibuddha wa Japani, akimshukuru muumini kwa kumletea edamame. Zaidi ya miaka 700 iliyopita mtu alikuwa anatumiwa snaki na anaandika asante.

Leo huko Japani edamame ni chakula cha majira ya joto. Msee akitoka job, anaingia izakaya, hizo baa zao za mtaa, anaagiza bia baridi na bakuli ya edamame kabla hajaangalia kitu ingine. Ni kama venye sisi tunaagiza nyama na kachumbari, ama mutura pale nje. Mji wa Sendai wao huiponda na sukari wakaweka juu ya keki laini za mchele, wanaita zunda mochi. Taiwan nayo imejenga biashara kubwa ya kuigandisha kwa barafu na kuiuza Japani. Kwa hivyo usione ni kitu ya masonko. Kwao ni ya watu wote, sisi ndio tumeipata kupitia mlango wa restoranti za bei.

Ndani iko na nini?

Hapa ndio edamame inawacha wengi nyuma. Gramu 100 za punje zilizopikwa, bila maganda, ziko na:

- Kalori kama 120
- Protini karibu gramu 12
- Wanga karibu gramu 9
- Mafuta karibu gramu 5, mengi yakiwa yale mazuri kwa moyo
- Nyuzinyuzi gramu 5 hivi
- Madini ya chuma miligramu 2 na kidogo
- Foleti zaidi ya mikrogramu 300

Tuweke kwa lugha ya mtaa. Yai moja la kuchemsha liko na protini gramu 6 hivi. Kikombe kimoja cha punje za edamame, kama gramu 155, kiko na protini gramu 18. Hiyo ni sawa na mayai matatu. Na si protini ya nusu nusu. Soya ni moja kati ya mimea michache yenye iko na zile asidi amino zote tisa mwili hauwezi kujitengenezea. Ndio maana watu wa jimu na watu hawakuli nyama wanaipenda.

Weka hiyo kando ya krips. Gramu 100 za krips ziko na kalori zaidi ya 500, na protini gramu 6 ama 7 pekee. Ndio unamaliza pakiti na mkono bado unatafuta ingine. Protini na nyuzinyuzi ndizo hufanya tumbo liseme "nimetosheka", na krips hazina nyingi za hizo.

Foleti nayo mamanzi wachukue maanani. Inasaidia mwili kutengeneza damu, na inahitajika sana kabla ya mimba na miezi ya kwanza ya mimba, wakati uti wa mgongo wa mtoto unajengwa. Mtu mzima anahitaji kama mikrogramu 400 kwa siku. Gramu 100 za edamame zinakupea kama robo tatu ya hiyo. Hii haimaanishi uache tembe za kliniki, hapana. Inamaanisha bakuli yako ya jioni inafanya kazi mbili.

Sheria namba moja: usikule ikiwa mbichi

Kwa sababu inaitwa "soya mbichi ya kijani", kuna mtu ataona ni kama karoti, atafune tu. Usijaribu. Soya ambayo haijapita kwa moto iko na vitu vyenye vinazuia tumbo kusaga protini. Ukiila hivyo, ile protini yote tumesifu haikusaidii vizuri, na unaeza kuumwa na tumbo, utapike ama uendeshe.

Waulize watu wanafuga kuku. Wanajua kabisa soya haipewi vifaranga kabla ya kukaangwa ama kupitishwa kwa moto, ju ukiwapa mbichi wanadumaa. Kama kifaranga anahitaji soya iliyopikwa, wewe ni nani?

Habari njema ni kwamba kuchemsha kunamaliza hiyo kesi. Dakika chache kwa maji yanayotokota zinatosha kwa edamame laini.

Venye unachagua

Ukipata maganda freshi, iwe ni sokoni, kwa mkulima ama kwa shamba la shosho, angalia hivi:

Rangi iwe kijani kibichi chenye kinang'aa. Ikianza kugeuka njano, punje zimeanza kuzeeka, zitakuwa na unga mdomoni na utamu umeenda.

Ganda liwe limejaa. Pitisha kidole juu yake. Punje zinafaa kuwa zimekaribiana, karibu zigusane. Ganda bapa lenye ukibonyeza hausikii kitu, hilo limevunwa mapema sana.

Maganda mengi yanakuwa na punje mbili ama tatu. Yakiwa na punje moja moja tu, unalipia takataka.

Halafu jambo la maana kuliko yote: wakati. Edamame ni kama mahindi mabichi ama minji, sukari yake inaanza kupungua punde tu inapokatwa kwa mmea. Ya asubuhi ikipikwa jioni hiyo hiyo ni tamu. Ya siku tatu zilizopita, yenye imelala kwa joto, hiyo ni ya kujaza tumbo tu. Kama hauwezi kupika leo, weka kwa friji na uipike kesho, usingoje wikendi.

Jua pia karibu nusu ya uzito ni maganda. Ukinunua gramu 300 za maganda, unapata kama kikombe kimoja cha punje. Hiyo inatosha mtu mmoja mwenye njaa ya ukweli, ama wawili wanaopiga stori.

Sasa tupike

Unahitaji sufuria, maji, chumvi na chujio. Basi. Ata kama keja yako ni ya meko moja, uko sawa.

1. Osha. Weka maganda kwa bakuli ya maji, yasugue kwa mikono, mwaga, rudia. Vumbi hujificha kwa yale manyoya.

2. Sugua na chumvi. Nyunyizia kijiko kidogo cha chumvi juu ya maganda yaliyolowa, uyasugue kama unafua soksi. Hii inatoa manyoya mengi na inasaidia rangi ibaki kijani. Kama uko na subira, kata ncha moja ya kila ganda na makasi ndio chumvi iingie ndani. Kama hauna subira, ruka hiyo, hakuna mtu atakushika.

3. Chemsha maji kwanza. Kwa gramu 300 za maganda, weka maji lita moja na nusu. Ngoja yatokote kabisa. Ongeza kijiko kikubwa kimoja cha chumvi. Chumvi nyingi itabaki kwa maji, haiingii yote kwa punje.

4. Tumbukiza maganda. Usifunike sufuria, ju ukifunika rangi hufifia. Hesabu dakika nne mpaka sita. Dakika ya nne toa ganda moja, lipoze, onja. Punje inafaa iwe laini lakini bado inakaza kidogo ukiuma. Kama ni soya ya kawaida ya nafaka, ipe dakika nane, kumi, hata zaidi mpaka ilainike.

5. Chuja na upoze. Mwaga maji, tandaza maganda kwa sinia ama sahani pana, yapepee yapoe haraka. Ukiyaacha yamerundikana yakiwa moto, yanaendelea kujipika na yanakuwa matepetepe.

6. Malizia. Nyunyizia chumvi kidogo juu ukitaka. Kidogo. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, hiyo ni kijiko kidogo kimoja, na ushakula ingine kwa mkate na kwa mboga.

Kama ulipata ile ya kugandishwa kwa supamaketi, soma pakiti. Nyingi zinakuwa zimechemshwa kidogo tayari, kwa hivyo dakika tatu mpaka tano kwa maji moto zinamaliza kazi. Haina haja kuiyeyusha kwanza.

Inaliwa aje sasa?

Hapa ndio watu wanaaibika kwa deti. Ganda haliliwi. Ni gumu, lina nyuzi na manyoya, utatafuna mpaka kesho. Shika ganda kwa ncha moja, liweke mdomoni, bonyeza kwa vidole ama kwa meno, punje zinaruka ndani zenyewe. Ile chumvi iko juu ya ganda inagusa midomo na inatosha. Ganda tupu unaweka kwa sahani ingine.

Na hii ndio siri yenye hakuna mtu huongelea: kwa sababu unabandua moja moja, hauwezi kula mbio. Krips unaeza kumaliza ukiangalia simu bila kujua. Edamame inakulazimisha upunguze kasi, na tumbo linapata nafasi ya kuambia kichwa limetosheka. Ndio maana inafaa mbogi ikiwa imekaa inaangalia mechi.

Ukichoka na chumvi pekee, kuna njia zingine:

Pilipili na ndimu. Kama mahindi choma. Changanya chumvi na pilipili ya unga, kata ndimu, paka juu ya maganda yakiwa bado moto.

Kitunguu saumu na tangawizi. Weka kijiko cha mafuta kwa kikaango, tia kitunguu saumu kilichopondwa na tangawizi kidogo, halafu rusha maganda yaliyochemshwa ndani kwa dakika moja. Ukiwa na mchuzi wa soya, matone machache tu, ju wenyewe uko na chumvi nyingi.

Ndani ya kachumbari. Toa punje, changanya na nyanya, kitunguu, dania na parachichi. Hiyo ni dishi kamili bila nyama.

Kuokoa wali na noodo. Kama mwezi uko kwa kona na ni wali mweupe umebaki, tupa kikombe cha punje ndani na yai moja. Hautajua ni tarehe 27.

Ya kubeba. Pika usiku, weka punje kwa kikopo chenye kinafungika, weka kwa friji, beba kesho. Kwa friji inakaa siku mbili mpaka tatu. Ikianza kuteleza ama kunuka chachu, tupa.

Kama ulipata nyingi kwa mpigo, chemsha dakika mbili ama tatu, ipoze haraka kwa maji baridi, ikaushe, igandishe kwa friza. Itakaa miezi kadhaa. Siku ya kula, malizia kuipika.

Ile stori ya wanaume na soya

Lazima tuiguse, ju kila mahali soya ikitajwa kuna jamaa anasema, "Buda, hiyo kitu itakuotesha matiti." Wacha tuichambue.

Soya iko na vitu vinaitwa isoflavoni. Umbo lao linafanana kidogo na homoni ya kike, estrojeni. Hapo ndipo uvumi ulianzia. Lakini kufanana umbo si kufanya kazi sawa. Ndani ya mwili isoflavoni ni dhaifu sana zikilinganishwa na estrojeni yenyewe. Mwaka wa 2021 wanasayansi walikusanya majaribio 41 yaliyofanywa kwa wanaume wakala soya ama isoflavoni, wakaangalia homoni zao. Jibu: testosteroni haikushuka, na estrojeni haikupanda.

Kuna kisa kimoja watu hupenda kukitaja, na ni cha kweli. Mwaka wa 2008 madaktari waliandika kuhusu mzee wa miaka 60 huko Marekani aliyevimba matiti. Walipomuuliza anakula nini, ikatoka kwamba alikuwa anakunywa karibu lita tatu za maziwa ya soya kila siku. Kila siku! Alipoacha, shida ikaisha. Hiyo ni kama mtu anywe lita tatu za chai ya maziwa kila siku halafu alaumu ng'ombe. Bakuli yako moja ya jioni haiko karibu na hapo.

Nani achunge?

Si kila mtu anafaa kuirukia.

Kama uko na aleji ya soya, kaa mbali kabisa. Soya ni moja ya vyakula vinavyosababisha aleji sana duniani, na ni jamaa wa karibu wa njugu karanga. Kama njugu hukuwasha ama hukufunga kifua, ongea na daktari kabla haujajaribu. Ukila ukaona midomo inavimba ama pumzi inakuwa ngumu, hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo, si kungoja ipite.

Kama unatumia dawa ya tezi la shingo inayoitwa levothairoksini, soya inaeza kupunguza venye dawa inaingia mwilini. Muulize daktari utenganishe dawa na soya kwa masaa mangapi.

Watoto wadogo wasipewe punje nzima, ju zinateleza na zinaeza kuwakwama kwa koo. Ziponde kwanza.

Na kama tumbo lako halijazoea jamii ya maharagwe, anza na konzi moja. Gesi kwa matatu iliyojaa si kitu ya kuombea mtu.

Utaipata wapi Kenya?

Hapa ndio ngumu iko, tusidanganyane. Ukienda kwa mama mboga wa kawaida umwambie unataka edamame, atakuuliza kama ni nywele. Kenya inalima soya, sana sana upande wa Magharibi na Nyanza, kaunti kama Busia, Bungoma, Kakamega na Migori. Lakini karibu yote inaachwa ikauke, ju wanunuzi ni viwanda vya chakula cha mifugo na unga. Na hata hivyo haitoshi, nyingi inaagizwa kutoka nje.

Kwa hivyo njia ni tatu. Ya kwanza ni supamaketi kubwa ama maduka ya vyakula vya Asia, upande wa friza. Bei itakuuma kidogo. Ya pili, kama uko na watu ocha huko Magharibi na wanapanda soya, waambie wakuvunie ya kijani. Hawahitaji mbegu mpya wala teknolojia, ni kuwahi tu kabla haijakauka. Mpigie shosho simu, mwambie unataka maganda yakijaa lakini kabla majani hayajageuka njano. Atakucheka, lakini atakutumia.

Ya tatu ni kupanda mwenyewe. Soya inakubali kwa gunia ama ndoo ya lita 20 yenye mashimo chini, bora ipate jua la kutosha. Aina kama SB19, Gazelle na Nyala zimelimwa hapa Kenya miaka mingi. Panda punje zikiwa sentimita 10 kutoka moja hadi ingine, kina cha sentimita 3 hivi, na umwagilie bila kufurisha. Soya hupenda joto, kwa hivyo baridi ya Nairobi ya Juni na Julai itaichelewesha. Kwa joto zuri maganda ya kula kijani yanakuwa tayari siku kama 75 mpaka 100 baada ya kupanda. Mmea mmoja haukupi mlima, kwa hivyo panda kadhaa, na uachanishe wiki mbili mbili kati ya kundi na kundi ndio usivune zote siku moja.

Kitu ingine poa: mizizi ya soya inashirikiana na bakteria wenye wanavuta naitrojeni kutoka kwa hewa, kwa hivyo haitaki mbolea nyingi ya aina hiyo. Kwa agrovet kuna dawa ya bakteria hao, kama ile inaitwa BIOFIX, unapaka kwa mbegu kabla ya kupanda. Hakikisha umeambiwa ni ya soya, si ya maharagwe.

Na sasa onyo la maana sana. Mbegu za agrovet ni za kupanda, si za kula. Nyingi zimepakwa dawa ya kuua wadudu na ukungu, ndio unaona zina rangi nyekundu, waridi ama kijani kisicho cha kawaida. Kuziosha hakutoi sumu, kuzichemsha pia hakutoi. Zikibaki, usizipeleke jikoni, na usimpe jirani bila kumwambia. Utakula maganda yatakayoota, si mbegu yenyewe. Na kama ulinyunyizia mmea dawa yoyote, soma kwa chupa ni siku ngapi unafaa kungoja kabla ya kuvuna.

Ukikosa kabisa

Usilale njaa ukingojea Japani. Wazo lenyewe, la kuchemsha kunde ya kijani na chumvi kidogo ukaila kama snaki, tuko nalo hapa nyumbani. Ukambani watu wanakula mbaazi za kijani kabla hazijakauka, na zikiwa kwa msimu zinajaa sokoni. Minji pia, zichemshwe kidogo, ziwekwe chumvi, ndimu na pilipili, zinafanya kazi hiyo hiyo. Njugu za kuchemsha na maganda yake, hizo ndizo binamu wa karibu kabisa wa edamame kwa venye zinaliwa. Minji ziko na protini kidogo, kama gramu 5 kwa kila gramu 100, kwa hivyo hazifikii soya. Lakini zikiwekwa kando ya pakiti ya krips, bado zinashinda.

Kumbuka tu mambo matatu: ivunwe ikiwa kijani, ipikwe mapema, na isiliwe mbichi. Maji yakitokota, iko kwa bakuli kabla hata jirani hajamaliza kukaanga kitunguu.